Hivi pesa imetuharibia michezo, au ni sisi tumezeeka?

#1 KipengaChaMwisho
Wakuu, habari za muda huu.

Jana niliangalia mechi kubwa kuanzia filimbi ya kwanza hadi dakika za nyongeza. Wachezaji wote wazima, nyasi kama zulia, hakuna pasi iliyopotea hovyo. Dakika ya 70 nikajishtukia niko kwenye simu nasoma tetesi za usajili, na mechi yenyewe iko mbele ya macho yangu. Leo asubuhi najiuliza nakumbuka tukio gani, silioni. Nakumbuka tu tulingoja VAR, waamuzi wa video, wapime bega la mtu weee, na bao lilipokubaliwa hakuna aliyekuwa na hamu ya kuruka tena.

Hoja yangu: kadiri pesa na weledi vinavyoongezeka, ndivyo raha inavyopungua. Winga wa siku hizi akipata mpira anarudisha nyuma, maana kocha ana kompyuta inayomwambia chenga ni hasara. Mabao yenyewe yamekauka. Tangu PSG walipomtoa Neymar Barcelona mwaka 2017 kwa euro milioni 222, shabiki anajua bei ya mchezaji kabla hajajua anatumia mguu gani.

Nibishieni.

#2 MtotoWaBenchi
Nimeona "uzi" nikadhani jezi mpya imetoka, nikakimbilia kuona rangi. Kumbe uzi wa malalamiko. Haya, nakaa siti ya mbele, ngoja waje.

#3 NambaHazigombi
Mleta mada, kwenye mabao umechapia. Kombe la Dunia 1990 zilichezwa mechi 52, yakafungwa mabao 115, yaani 2.2 kwa mechi. Qatar 2022 mechi 64, mabao 172, karibu 2.7. Ukitaka kulilia mabao kalilie ya 1954: mechi 26, mabao 140.

Na hiyo "zamani" mnayoisifia, beki alikuwa anamrudishia kipa, kipa anadaka, anadundadunda, anampa beki, beki anamrudishia tena. Ilibidi mwaka 1992 sheria ibadilishwe, kipa asidake mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Ninyi mnakumbuka video za dakika kumi. Zile themanini nyingine hazikuwekwa mtandaoni kwa sababu hakuna ambaye angeziangalia.

#4 MzeeWaRedio
Kijana Namba, marahaba hata kama hukuniamkia.

Sisi wengine hatukuangalia, tulisikiliza. Mtangazaji akisema mkwaju umepaa sentimita chache juu ya mtambaa wa panya, basi umepaa sentimita chache, na usiku mzima hulali ukiziwaza hizo sentimita. Leo mnaonyeshwa kwa pembe nane, mnagundua ulipaa mita nne. Ukweli umeongezeka, utamu umepungua. Sasa hilo ni kosa la pesa au la kamera? Mimi hapo ndipo ninapokwama.

#5 MkekaUmechanika
Mimi raha yangu niliiua mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Wiki iliyopita nilikuwa na mkeka wa kubeti wa mechi sita. Tano zimetiki. Ya mwisho niliweka kona kumi na kuendelea, na ilikuwa mechi ya timu yangu ya tangu utotoni. Dakika ya 88 kona ziko tisa, matokeo sare. Winga wetu anaambaa na mstari, mimi nimesimama napiga kelele "mgongee beki! mgongee beki!" ili mpira utoke. Yeye akampiga beki tobo, akakata krosi, bao. Sebule nzima wanakumbatiana, mimi nimekaa chini nimeshika kichwa. Mke wangu akaniuliza, "Kwani hiyo si timu yako?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

#6 MtotoWaBenchi
"Mgongee beki" 😂😂😂 Hii naiweka kwenye wasifu wangu.

#7 BekiWaKushoto
Kipenga yuko karibu na ukweli, ila ameanzia mbali, kwa Neymar. Mimi niwaletee mfano wa chini kabisa.

Tulikuwa timu ya marafiki. Mipira na nauli tunachanga wenyewe. Jezi seti moja, zinafuliwa kwa zamu. Aliyesahau zamu yake, timu nzima inacheza na jezi mbichi na yeye anatukanwa dakika tisini. Tulipopanda daraja akaja mfadhili. Jezi seti tatu, kocha mwenye cheti, koni, mtu wa kukanda misuli. Na tukaanza kucheza vizuri kweli, hilo siwezi kulikataa. Kabla ya hapo sikujua beki wa pembeni anatakiwa kusimama wapi mpira ukiwa upande wa pili.

Siku ya posho ya kwanza meneja aliingia na bahasha za kaki, majina yameandikwa kwa kalamu ya bluu. Kila mmoja akachukua yake akageukia ukuta kuifungua. Watu kumi na nane ambao tulikuwa tunavuliana nguo mbele ya wenzetu bila aibu, tumepeana migongo ili mwenzako asione noti ngapi. Ya straika ilikuwa nene, ilionekana hata kabla hajaifungua.

Mechi iliyofuata nilipanda kama kawaida yangu, nikainua kichwa, straika yuko peke yake kwenye penalti. Nikapiga mwenyewe. Mpira ukaenda nje. Najua kwa nini nilipiga, na yeye anajua.

Msimu wa pili posho zikachelewa miezi miwili, mfadhili akaacha kupokea simu, timu ikafa. Tukaitana turudi kuchanga kama zamani. Tulikuja wanne.

#8 NusuDarasa
Beki, hicho kisa chako kina jina kwa wanasaikolojia. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Kundi moja wakaahidiwa zawadi wakichora. Kundi la pili wakapewa zawadi bila kuambiwa mapema. La tatu hawakupewa kitu. Baadaye watoto wakaachwa wacheze watakavyo: wale walioahidiwa wakawa wanachora kidogo kuliko makundi yote mawili. Kalamu zilezile, karatasi zilezile. Kilichokuwa mchezo kimeshageuka kazi.

Kwa hiyo jibu la mleta mada ni ndiyo.

#9 NambaHazigombi
Haraka ya nini? Hao ni watoto wa chekechea na kalamu za rangi. Mchezaji wa ligi kubwa hujamfanyia jaribio lolote. Halafu hujatenganisha mambo: anayefurahi ni nani, anayecheza au anayeangalia? Mchoraji akichoka mimi bado naweza kuupenda mchoro.

#10 MtotoWaBenchi
Nusu, umesema waliopewa zawadi ya kushtukiza hawakuharibika? Basi dawa imepatikana, wachezaji walipwe kwa kushtukizwa. Yule mfadhili wa Beki alikuwa mwanasayansi, mlimwonea bure.

#11 BekiWaKushoto
😂 Mtoto una laana.

#12 KarataZaKale
Naomba nitie mchanga kwenye pilau la "zamani walicheza kwa mapenzi". Ridhaa, yaani kucheza bila kulipwa, haikuwa usafi wa moyo, ilikuwa uzio. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga kwenye raga kwa sababu wachezaji wao walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda. Wakienda kucheza wanakatwa ujira, wakaomba wafidiwe siku hiyo iliyopotea. Wakaambiwa hapana, huko ni kuuchafua mchezo. Waliosema hivyo hawakuwa wanakatwa ujira popote. Raga ya upande ule mwingine ilikubali malipo rasmi 1995, miaka mia kamili baadaye.

Kwenye kriketi ya Uingereza ilikuwa kichekesho. Mabwana wa ridhaa na wachezaji wa kulipwa walikuwa timu moja, lakini vyumba tofauti vya kubadilishia nguo. Hata majina: bwana anaandikwa herufi za kwanza mbele ya ukoo, mlipwa anaandikwa nyuma. Pale uwanja wa Lord's kipaza sauti kiliwahi kuwatangazia watazamaji kwamba kadi ya mechi ina kosa, palipoandikwa F.J. Titmus pasomeke Titmus, F.J. Kijana wa watu yuko uwanjani, na watu wazima wanasahihisha kwamba amepewa heshima isiyo yake. Utengano huo ulifutwa kabla ya msimu wa 1963.

Na Jim Thorpe alipokonywa medali zake za Olimpiki 1912 kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli. Alirudishiwa ushindi wake kamili, peke yake bila kuugawana na mtu, mwaka 2022. Alikuwa ameshakufa tangu 1953.

#13 MzeeWaRedio
Ahsante Karata. Hii ya herufi sikuijua.

#14 MshikaKibendera
Nasoma tangu juu, ni wanaume watupu mnalilia raha yenu. Na sisi?

Siku moja baada ya Krismasi 1920, watazamaji 53,000 waliingia Goodison Park kuangalia mechi ya wanawake, timu ya wafanyakazi wa kiwanda, Dick, Kerr Ladies. Wachezaji hawakuwa na mikataba ya mamilioni, mapato yanakwenda misaada. Ridhaa ile mnayoitaka. Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kikazifungia timu za wanawake viwanja vya klabu zake, na kizuizi kikakaa karibu miaka hamsini. Aprili 2022 Camp Nou waliingia watu 91,648, Barcelona na Wolfsburg, wanawake. Walichopata hao wachezaji ambacho wale wa 1920 hawakukipata ni mshahara, daktari, kocha wa muda wote. Mimi nimechezesha mechi za wasichana wanaofanya mazoezi saa nne usiku baada ya kazi. Dakika ya 60 miguu imekwisha, mchezo umekufa. Hao pesa haijawaondolea raha, haijafika.

#15 KipengaChaMwisho
Nimerudi. Namba, kwenye mabao nimekubali kushindwa. Kibendera, umenikamata, sina ubishi.

Lakini naomba nibadili mlango. Tatizo langu kubwa ni kwamba matokeo yanajulikana. Nottingham Forest walipanda daraja 1977, wakachukua ubingwa wa Uingereza 1978, wakachukua Kombe la Ulaya 1979 na tena 1980. Bila pesa, akili ya kocha wao Brian Clough tu. Celtic walichukua la 1967 na wachezaji waliozaliwa wote ndani ya kilomita hamsini kutoka uwanjani kwao. Linganisha na Bayern: ubingwa mara kumi na moja mfululizo, 2013 hadi 2023. Unaangalia nini hapo? Na yote hii ilianza na ile kesi ya Bosman 1992, ya mchezaji kuhama bure mkataba ukiisha.

#16 NambaHazigombi
Bosman ni Desemba 1995. 1992 ni mwaka ilipoanza Ligi Kuu ya Uingereza na mkataba wake wa televisheni.

#17 KarataZaKale
Na Forest "bila pesa" tafadhali ifute. Februari 1979 walimnunua Trevor Francis kwa pauni milioni moja, mchezaji wa kwanza wa Uingereza kufika bei hiyo, na watu walilalamika vilevile, kwamba mpira umekwisha. Unajua nani alifunga lile bao pekee la fainali ya 1979 dhidi ya Malmö? Yeye, kwa kichwa. Ubingwa wa 1978, huo ndio bila yeye.

Halafu mfano wa Bayern unakurudi mwenyewe. Ujerumani ndiyo yenye kanuni ya 50+1, wanachama wanabaki na kura nyingi, tajiri hawezi kuinunua klabu tu. Na bado Bayern alitawala. Aliyemvunja ni Leverkusen 2024, bila kupoteza mechi ya ligi, na Leverkusen ni klabu ya kampuni, mojawapo ya zile zilizosamehewa kanuni hiyo.

#18 KipengaChaMwisho
Aisee, humu huwezi kutupa mfano ukapona.

#19 NyumaYaGoli
Karata, hiyo 50+1 usiiondoe kwenye hesabu ya raha. Raha si kombe peke yake. Februari 2024 mashabiki wa Ujerumani walikuwa wanarusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zinasimama, watu wanaokota mipira kama wanavuna, wakipinga ligi kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo. Kabla mwezi haujaisha ligi ikaachana na mpango. Super League ya Aprili 2021, ile ligi ya kujitenga ya klabu kubwa kumi na mbili za Ulaya, nayo siku tatu hazikuisha ikawa imebomoka. Mimi nilisimama jukwaa la nyuma ya goli miaka mingi. Timu yetu ilikuwa mbovu. Raha ilikuwa kwamba tukiimba vibaya, tunaimba vibaya pamoja, na mwenyekiti wa klabu anatusikia. Siku hizi goli likiingia spika zinapiga muziki kwa nguvu hata usisikie kama jirani yako anashangilia. Nani aliomba ule muziki?

#20 MshikaKibendera
Ule muziki naunga mkono hoja uzimwe.

Ila kusimama nyuma ya goli tusikupambe sana, mkuu. Kwenye maafa ya uwanja wa Heysel 1985 walikufa watu 39. Hillsborough 1989, majeruhi wa mwisho kufariki wakihesabiwa, 97. Viti, kamera na wasimamizi waliofunzwa vilikuja kwa gharama, na gharama ikahamia kwenye tiketi.

#21 NyumaYaGoli
Kweli. Na waliohamishwa na bei ya tiketi ndio haohao waliokuwa wanakufa. Sina la kuongeza.

#22 MbioNdefu
Mbona mnafanya kama michezo ni soka tu? Riadha je?

Februari 1974, Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mita 1500 tangu bunduki inalia, hakuna wa kumvutia kasi, akamaliza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. John Walker nyuma yake naye akaipita rekodi ya zamani na akashindwa. Ile ni mbio, unaogopa kila mzunguko kwamba atakufa. Sasa kuna taa kando ya njia zinazokimbia kwa kasi ya rekodi. Cheptegei aliweka 12:35.36 ya mita 5000 Monaco 2020 zikiwepo. Unaangalia mtu na taa. Taa haichoki.

Lakini niseme ukweli wote. Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna 2019, na wavuta kasi 41 kwa zamu, gari lenye mwanga mbele, kitu ambacho hakikuhesabiwa hata kuwa rekodi, yaani maabara kabisa, mimi nililia. Kwa hiyo sijui nisimamie wapi.

Kingine kidogo. Nilinunua saa ya mazoezi. Niliamka Jumapili mwili mwepesi, nikafunga viatu, saa ikaniambia leo hujapona, pumzika. Nikavua viatu. Nimekaa kitandani nikawa najisikia mgonjwa. Mimi silipwi na mtu yeyote, na weledi umenifuata mpaka chumbani.

#23 MtotoWaBenchi
Saa imekupiga benchi. Karibu.

#24 NusuDarasa
Mbio, huo mfano wa saa ni bora kuliko utafiti wangu.

Narudi kwa Kipenga na kompyuta ya kocha. Kwenye kikapu ndiyo dhahiri zaidi. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA msimu wa 1979/80, timu zikawa zinajaribu chini ya mara tatu kwa mechi. Sasa ni zaidi ya 35. Hesabu iko wazi: kutupia pointi tatu ukipata theluthi moja tu ni sawa na kupata nusu ya zile za mbili. Timu zote zimegundua jibu moja, basi zote zinacheza mchezo mmoja. Sioni kosa la mtu hapo. Ukimlipa mtu vizuri atafute njia ya kushinda, ataipata.

#25 MzeeWaRedio
Na akiipata, wengine wanatafuta dawa yake. Walipopaki basi, timu nzima inarudi kulinda goli, watu walijifunza kuvunja basi. Mnawazika haraka.

Zamani pia chenga ilikuwa na bei yake. Maradona 1983 alivunjwa kifundo cha mguu pale Barcelona. Pelé 1966 alipigwa mpaka akabaki anachechemea uwanjani, na kadi za njano na nyekundu zikaja Kombe la Dunia 1970. Leo mchezaji mwenye chenga analindwa kwa sababu ni mali ya mtu. Haya maneno mimi siyapendi, lakini nayaandika.

#26 KipengaChaMwisho
Analindwa miguu, halafu anachezeshwa mpaka miguu inaisha. Septemba 2024 Rodri, kiungo wa Manchester City, alisema wachezaji wako karibu kugoma kwa wingi wa mechi. Siku chache baadaye akaumia goti dhidi ya Arsenal, karibu msimu wote ukampita. Kombe la Dunia 2026 ni timu 48, mechi 104. Mali ya mtu inatunzwa hivyo?

#27 NambaHazigombi
Jeraha moja si ushahidi. Ila mechi 104 hata mimi zimenishinda kuzitetea.

#28 NyumaYaGoli
Screenshot imepigwa. Namba ameshindwa kutetea kitu, tarehe ya leo.

#29 KarataZaKale
Beki, nimesoma kisa chako mara mbili. Yule straika mliwahi kuongea?

#30 BekiWaKushoto
Tunaongea. Mtoto wake yuko kwenye kituo cha kukuza vipaji, ana miaka tisa, ana mtu wa lishe. Jamaa alinipigia kuniuliza kama amsainishie wakala mapema. Nikamwambia asubiri. Akanijibu, "Wewe siku zote uliniona nalipwa sana." Tukacheka, lakini alichelewa kidogo kucheka.

#31 MbioNdefu
Miaka tisa na mtu wa lishe?

#32 BekiWaKushoto
Na saa kama yako.

#33 MkekaUmechanika
Samahani kutoka nje ya mada. Namba, wewe mtu wa takwimu, ile mechi ya leo usiku kona huwa zinafika ngapi wakikutana hawa?

#34 NambaHazigombi
Sikupi.

#35 MkekaUmechanika
Basi nusu ya kwanza tu.